Kompyuta Inaijua Foleni ya Kibuye?

Taa za trafiki za kawaida hufuata saa tu. Upande usio na gari hata moja hupewa kijani sawa na upande wenye foleni. Taa zinazojirekebisha huhesabu magari kwa kamera au vitambuzi, kisha hurefusha au hufupisha kijani. Wazo lenyewe si geni: mifumo ya taa za namna hii, SCOOT ya Uingereza na SCATS ya Sydney, ilianza miaka ya 1970. Swali ni kama taa hizo zingeifaa barabara ya Jomo Kenyatta, inayopita soko la Kibuye hapa Kisumu, na kama jaribio la kompyuta linaweza kutujibu kabla pesa za umma hazijatoka.

Mimi nasema tujaribu. SUMO, programu ya kuiga mwendo wa magari kwenye kompyuta, iliyoundwa na kituo cha anga cha Ujerumani, ni ya bure. Unaipa ramani, unaipa hesabu ya magari, kisha unairudia asubuhi ileile mara mia kwa kanuni tofauti za taa. Kosa likitokea, hakuna mgonjwa anayekwama njiani akikimbizwa hospitali, wala mama wa samaki anayechelewa sokoni.

Lakini wanaotilia shaka wana hoja nzito. SUMO isipoelekezwa vingine, kila gari hukaa kwenye leni yake na kufuata lililo mbele. Bodaboda wetu hawaendi hivyo: hupenya katikati ya matatu mbili, na taa ikiwa nyekundu wanajazana mbele kabisa. Upo mpangilio unaoruhusu vyombo kwenda ubavu kwa ubavu ndani ya leni moja, ila lazima mtu auwashe na kuulinganisha na mwendo wa hapa.

Linalonitia hofu zaidi ni jambo dogo. Chombo kikikwama bila kusonga kwa sekunde 300, SUMO hukinyanyua na kukitua mbele zaidi kwenye njia yake, penye nafasi, labda uizuie. Yaani msongamano mbaya kabisa, ule unaotutesa, unaweza kuyeyuka ndani ya kompyuta huku ripoti ikisema mambo ni shwari. Yeyote atakayeletewa ripoti ya namna hiyo aulize kwanza: ni magari mangapi yalirushwa?

Kuna pia askari wa trafiki anayepungia magari yapite ilhali taa ni nyekundu. Huyo naye aingizwe kwenye hesabu.

Kwa hiyo kazi ianzie barabarani. Watu wahesabu siku ya kazi na Jumapili, soko la Kibuye likiwa limefurika: matatu, tuktuk, bodaboda, mikokoteni na waendao kwa miguu. Kisha kompyuta iige foleni tuliyo nayo leo, kwa taratibu za leo. Ikiwa foleni yake inaishia Kibuye na ya kweli imefika Kondele, irudishwe ikarekebishwe kabla ya kujaribu taa yoyote mpya.