Riba ya Kikoba

Siku ya kuvunja kikoba cha mtaani kwetu, mama mmoja wa Kiislamu huhesabu gawio lake, kisha hutenga noti zilizotokana na riba waliyolipa wenzake na kuzirudisha kwenye mfuko wa jamii. Mwenyewe hakopi. Jirani yake, mwanakwaya, hukopa na kulipa asilimia 10 bila wasiwasi. Waulize wote wawili: dini zao zinakataza kumnyonya maskini.

Je, maadili yao ni mamoja?

Wanaosema ndiyo wana hoja. Mwaka 1993, Bunge la Dini za Dunia lilikutana Chicago na kutoa tamko lililoandaliwa na mwanateolojia Hans Küng: usiue, usiibe, usiseme uongo, usizini. Hata kwenye riba, zamani Kanisa halikuwa mbali na Uislamu. Mtaguso wa Tatu wa Laterano, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 1179, uliwanyima walaji riba wa wazi komunyo na maziko ya Kikristo. (Kikoba chetu kizima kingekuwa matatani.)

Lakini amri fupi hukubaliwa na wengi kwa sababu ni fupi. Kumbukumbu la Torati 23:20 inaruhusu kumtoza riba mgeni, si ndugu. Sasa ndugu ni nani? Na kunyonya kunaanzia wapi? Karne ya 16 Calvin, mwanamageuzi wa Kiprotestanti, aliona riba ya kiasi haina ubaya, mradi maskini asiumizwe. Kwa Mwislamu, kiasi si hoja: riba ni riba, hata ikiwa ndogo.

Ndiyo maana Dar es Salaam ina Benki ya Mkombozi, iliyoanzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 2009 na inayotoza riba, na Benki ya Amana, ya Kiislamu, ya mwaka 2011, isiyotoza. Katika murabaha, njia inayotumiwa na benki za Kiislamu badala ya mkopo wa riba, benki hununua bidhaa, kisha humuuzia mteja kwa bei ya juu, kwa awamu. Wapo wanaocheka kwamba hiyo ni riba iliyovaa kanzu. Siafiki. Bodaboda ikiharibika kabla hujakabidhiwa, hasara ni ya benki, na bei mliyokubaliana haipandi ukichelewa kulipa.

Kwa hiyo naegemea upande wa wenye shaka: dini zinakubaliana juu ya dhambi, zinaachana kwenye mpaka wake, na mtu huishi mpakani.

Mwaka jana kikoba kilipendekeza riba iitwe "ada ya mkopo". Yule mama akauliza, "Nikichelewa, inaongezeka?"

Mweka hazina akasema ndiyo. Mama akafunga mkoba wake.