Kisoda Kingine

Naomba niulize: ninyi mnaokunywa soda ufukweni, kisoda mnakitupa mchangani ili iweje? Chupa mnairudisha, kwa sababu kuna pesa ya chupa. Sawa. Kisoda je? Kinabaki. Halafu Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nakuja mimi, mtu mzima na mvi zangu, napiga magoti Coco Beach kukifukua taratibu kama nachimba tanzanaiti.

Chanzo ni hereni. Sikukuu ya Idi tulikwenda ufukweni familia nzima, tukala mihogo ya kukaanga, watoto wakarukia maji, na mama Rehema akarudi nyumbani na hereni moja. Dhahabu, zile ndogo za kipini, zawadi ya marehemu mama yake. Njia nzima hakusema neno. Alikaa kwenye bajaji ameshika sikio. Mimi mke akifoka namzoea, akinyamaza ndipo naogopa, nikajikuta nimeropoka: "Usijali, nitaitafuta."

Ndiyo nikaenda Kariakoo, nikanunua mashine ya kutafutia madini, mtumba, laki nne na nusu. Hereni yenyewe sonara aliwahi kuithamini laki na ishirini. Najua. Msinipigie hesabu, nimeshapigiwa nyumbani.

Muuzaji alivua pete yake, akaiweka sakafuni, akapitisha juu yake ile sahani ya chini ya mashine. Mashine ikalia tiii, sauti tamu mpaka nikamwona mama Rehema anacheka. Sikujiuliza kwamba pale sakafuni hapakuwa na kingine chochote. Ufukweni Jumapili wamepita watu wote wa Dar es Salaam.

Sasa sikilizeni uonevu wenyewe. Ile sahani inatuma nguvu ya sumaku chini. Ikikuta kitu cha madini, kile kitu kinapata umeme kidogo na kujibu, mashine inasikia, inakupa namba. Yangu inaanzia 0 hadi 99. Msumari uko chini kule, fedha iko juu. Lakini mashine haijui bei! Inajua ukubwa wa kitu na jinsi kinavyopitisha umeme, basi. Kwa hiyo dhahabu ndogo inaangukia mtaa mmoja na foili ya chipsi kuku na kale kadude ka kufungulia kopo. Wamepanga nyumba moja, wanachangia choo. Ukibisha hodi, anayetoka ni foili.

Shemeji yangu, ambaye kila kitu anakijua isipokuwa kazi, akaniambia: "Shem, si uzizime hizo namba za takataka?" Kweli, kuna kitufe. Nikazizima. Ee bwana, utulivu! Nilitembea karibu saa nzima bila kuinama, mgongo unanishukuru. Baadaye shetani akaninong'oneza nijaribu na ile hereni iliyobaki, niliyoazimwa kwa kiapo. Nikaiweka mchangani, nikapitisha sahani. Kimya. Nimeifukuza foili, kumbe dhahabu nayo imefungasha virago. Nikarudisha namba zote: 38. Namba ileile ya kipande cha foili nilichokifukua dakika tano kabla.

Na usijaribu kusogea kwenye mchanga mbichi. Maji ya chumvi nayo yanapitisha umeme. Ziko mashine zinazovumilia hilo, ila si za laki nne na nusu za mtumba. Yangu ikifika pale maji yanapokupwa inaongea peke yake kama mlevi anayetafuta kwake.

Jumatatu iliyopita nilirudi na visoda 31. Wazee wa drafti hapa mtaani wananiita mfadhili. Nilipata na spoku mbili za mishikaki, moja ilinichoma kidole, na sarafu ya shilingi mia ambayo niliishangilia mpaka mbwa akabweka.

Watazamaji nao. Ukisema unatafuta hereni ya mke wako hakuna anayeamini. "Mzee, rupia za Mjerumani hizo, sema tu!" Kijana mmoja wa bodaboda alinivuta pembeni, akaniambia kwa babu yake kuna mti Wajerumani waliupigilia msumari, chini kuna sanduku, tugawane nusu kwa nusu. Nikamwambia mdogo wangu, msumari huo nina uhakika nitaupata.

Rehema, yuko kidato cha tatu, aliniona nimenuna akanisimulia kuwa mwaka 1881 Bell, yule wa simu, alijaribu kutafuta risasi mwilini mwa Rais Garfield wa Marekani kwa mashine ya namna hii. Ikamchanganya, na inasemekana sababu mojawapo ni springi za chuma za godoro la mgonjwa. Risasi haikuonekana, Rais akafariki. Mungu anisamehe, nilifarijika.

Jana sasa. Karibu na mnazi pale tulipotandika mkeka siku ya Idi, mashine ikalia: 38. Nikageuka upande, 38. Watoto wamenizunguka wanashindana, "Kisoda!" "Foili!" Nikachimba kwa vidole, mikono inatetemeka. Kitu kidogo, mviringo, kinang'aa. Foili. Mtu aliifinyanga kidonge kwa uvivu wake, ndani bado ina chumvi ya chipsi.

Nimefika nyumbani, mama Rehema yuko jikoni anakaanga samaki, masikio yote mawili matupu.

"Mama Rehema, ile nyingine iko wapi?"

"Nimeuza. Gesi iliisha, na hela ya gesi wewe ulinunulia betri."

"Sonara kakupa ngapi?"

"Kaipima kwa gramu. Kasema hereni moja haina mteja."

Nikakaa kwenye kigoda. Akanipa kipande cha samaki, akaniuliza kama Jumatatu naenda. Nikamwambia naenda, betri bado zina chaji.