Sarufi au insha: saa 45 za mwaka wa kwanza zitumike vipi?

Kozi ya kujieleza kwa maandishi kwa Kifaransa, ile anayokutana nayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika vyuo vya Lubumbashi, nchini Kongo (DRC), imezua kambi mbili miongoni mwa wanaoifundisha. Ya kwanza inasema kijana anayeandika « les gens coupe » badala ya « les gens coupent » (watu wanakata) hawezi kuombwa insha ya kurasa nne; arudishwe kwenye minyambuliko, upatanisho na imla mpaka asimame. Ya pili inajibu kwamba sarufi hiyohiyo amefundishwa tangu shule ya msingi, mwaka baada ya mwaka, na matokeo ndiyo haya. Basi aandike, aandike tena, sarufi itakuja nyuma. Tukichukulia kwamba kozi ina saa 45, mimi naliona kuwa swali la hesabu kuliko la itikadi: saa ngapi ziende wapi, na kwa makosa yapi?

Kwanza tumfahamu mwanafunzi mwenyewe. Nyumbani, awe wa Katuba, Ruashi au Kampemba, anaongea Kiswahili cha mji. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 imekifanya Kifaransa kuwa lugha ya elimu, huku lugha za taifa nazo zikipewa nafasi ya kufundishia. Kwa vitendo Kiswahili kinasikika zaidi madarasa ya chini, kisha kinapisha. Ikifika Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, insha ya Kifaransa inafanyika katika sehemu ya awali, hors-session, na mitihani ya session yenyewe ni ya kuchagua jibu kati ya yaliyokwisha kuandikwa. Kwa hiyo mtu anaweza kuingia chuoni akiwa na diploma mkononi na aya chache sana alizowahi kuzitunga kichwani mwake. Hilo tayari linaipa nguvu kambi ya insha.

Kambi hiyo ina ushahidi wa zamani pia. Mwaka 1963 watafiti watatu wa Marekani, Richard Braddock, Richard Lloyd-Jones na Lowell Schoer, walipitia tafiti zilizokuwapo kuhusu kufundisha uandishi. Walihitimisha kwamba sarufi ya kanuni, ikifundishwa peke yake, haimsaidii mwandishi kwa kiasi cha kuonekana, na kwa kuwa inakula muda wa kuandika inaweza hata kumdhuru. Hitimisho hilo limesafiri mbali sana, wakati mwingine bila mizigo yake. Wanafunzi waliohusika walikuwa wakiandika Kiingereza katika nchi inayoongea Kiingereza. Sarufi ya kusema walikuwa nayo tangu utotoni, wakikosa majina yake tu. Kijana wa Ruashi hana Kifaransa cha utotoni cha kumwambia kwamba sentensi imepinda. Ukimshauri aisome kwa sauti ili asikie kosa, unampa dawa ya mgonjwa mwingine.

Kuhusu wanaoandika lugha ya pili, mabishano yalipamba moto mwaka 1996, mtafiti John Truscott alipodai kwamba kusahihisha sarufi katika insha zao hakufai kitu na kuachwe kabisa. Mtafiti mwenzake, Dana Ferris, alimjibu mwaka 1999: inategemea kosa. Yapo makosa yenye kanuni, ambayo mwanafunzi akionyeshwa anaweza kuyarekebisha mwenyewe, na yapo yasiyoshikika kwa kanuni, kama neno lililochaguliwa vibaya. Mgawanyo huo unatufaa kuliko ndiyo au hapana.

Tuujaribu kwenye karatasi. Hii ni sentensi niliyoitunga kwa mfano, lakini msahihishaji yeyote wa hapa ataitambua. Mada ni makala, yaani mkaa, na miti inayozunguka mji:

« La ville de Lubumbashi elle consomme beaucoup de braise, les arbres sont entrain de finir, c'est la raison que les gens coupe loin, ceux qui les vendent leur prix a monter. » Yaani: mji wa Lubumbashi unatumia makala mengi, miti inaisha, ndiyo sababu watu wanakata mbali, wanaoyauza bei yao imepanda.

Kalamu nyekundu itazungushia duara kila kosa na kuyapa yote uzito mmoja, wakati hayalingani hata kidogo. Tazama « elle » iliyozidi. Kwa Kiswahili tunasema "mji wa Lubumbashi unatumia", na ile u- haiachwi hata kama mji umeshatajwa. Mwandishi ameihamisha jinsi ilivyo. Tazama « la raison que ». Kirejeshi chetu cha -o, au amba-, kinabeba kazi nyingi bila kubadilika sana: kitabu nilichonunua, kitabu ninachokihitaji, jambo nililolizungumzia. Kifaransa kinadai que kwa kimoja, dont kwa viwili vilivyobaki, na pour laquelle kwa sababu. Ndiyo maana « le livre que j'ai besoin » halitoki kwa imla, hata zikiwa mia. Na mkia wa sentensi, « ceux qui les vendent leur prix a monter », ni Kiswahili safi kabisa cha mdomoni: "wanaoyauza, bei yao imepanda". Hapo ongeza ndugu yao asiyeonekana katika mfano huu, « je le dis » badala ya « je lui dis », kwa sababu -m- ya nilimwona na nilimwambia ni moja. Makosa haya yanafundishika, saa moja au mbili kila moja, kwa sharti kwamba mwalimu aziweke lugha mbili ubaoni bega kwa bega. Kitabu cha sarufi kilichoandikwa kwa ajili ya watoto wa Ufaransa hakiyagusi yote, maana baadhi yake hawayafanyi.

« Coupe » na « a monter » ni ya ukoo mwingine. -nt haitamkwi, na -er na -é zinasikika sawa, kwa hiyo hata Wafaransa wenyewe hujikwaa hapo. Kuikariri kanuni husaidia kidogo. Kipimo cha haraka husaidia zaidi. Badilisha kitenzi: kama ungesema « a descendu », basi ni « a monté ». Kwa wingi, mwanafunzi arudi kwenye kiima, akipigie mstari, kisha akague mwisho wa kitenzi. Mzunguko huo ufanywe peke yake, baada ya insha kwisha, bila kutafuta kosa jingine lolote. « Entrain » ni tahajia tu: rekebisha, songa.

Kosa ambalo ningelianza kabla ya yote ni mikato mitatu iliyokaa penye nukta. Hapo sarufi na insha zinakutana, kwa sababu asiyejua wazo lake linaishia wapi hana pa kuweka nukta. Zoezi lake ni rahisi: mpe sentensi fupi nne zisizounganishwa, aziunganishe kwa parce que, bien que na dont, kisha azitenganishe tena kwa nukta, aeleze kipi kimebadilika katika maana.

Sasa tuisafishe ile sentensi: « La ville de Lubumbashi consomme beaucoup de braise. Les arbres sont en train de disparaître. C'est la raison pour laquelle les gens coupent loin. Chez ceux qui la vendent, le prix a monté. » Kambi ya sarufi imeridhika. Lakini beaucoup ni magunia mangapi kwa nyumba moja kwa mwezi? Loin ni wapi, na gunia linafikaje mjini, kwa baiskeli au kwa lori? Bei ilikuwa ngapi, sasa ni ngapi? Zaidi ya yote, mwandishi anadai nini? Hakuna sentensi hata moja hapo ambayo mtu angeweza kuibishia. Sarufi imefanya kazi yake yote na insha bado haijaanza.

Ndiyo maana katika zile saa 45 ningetoa 15 kwa sarufi na 30 kwa kuandika na kusahihisha, wala zile 15 zisiwekwe mwanzoni kama ukuta wa kupanda kwanza. Kila kipindi kifungue kwa nusu saa ya kosa moja lililotoka kwenye karatasi za wiki iliyopita, kisha kalamu. Wiki sita za mwanzo ni aya tu, maneno 100 hadi 120: sentensi ya dai, sentensi mbili za sababu, mfano wenye jina la mahali au namba, na sentensi inayorudi kwenye dai. Insha nzima ije baadaye, na utangulizi wake uandikwe mwisho. Anayeanza na utangulizi huishia kwa « Depuis la nuit des temps » (tangu zama za kale) au « De nos jours » (siku hizi), kwa kuwa bado hajui anatangulia nini. Mpango wa thèse, antithèse, synthèse nao unahitaji mkono mzito: wengi huandika ndiyo katika ukurasa wa kwanza, hapana katika wa pili, na katika wa tatu « cela dépend ». Inategemea nini? Jibu la swali hilo ndilo sehemu ya tatu.

Kuna njia ya mkato inayopendwa na walimu, kueleza upatanisho wa Kifaransa kwa ngeli: vitabu vyangu vikubwa viwili vimepotea, wingi umeandikwa kwenye kila neno, basi les grands livres vivyo hivyo. Ni njia nzuri, ila ijaribu kwanza. Kiswahili cha mji wetu kimeshapunguza upatanisho huo. "Kitabu yangu" inasikika sokoni na kwenye basi bila mtu kugeuka. Mwanafunzi asiyezitumia ngeli hizo mdomoni atakuwa anajifunza kanuni mbili ngeni kwa wakati mmoja.

Na Kiswahili chenyewe kiruhusiwe darasani? Wapo wanaokikataza kabisa, wakiogopa tafsiri. Woga wao una msingi: anayeandika insha nzima kwa Kiswahili kisha kuigeuza sentensi kwa sentensi atazalisha ile « elle » na ile « leur prix ». Lakini dakika kumi za kupanga hoja kwa maneno makavu ya Kiswahili, dai, sababu, mfano, bila sentensi, humpa mtu wazo ambalo Kifaransa chake bado hakijaweza kulibeba. Mpango kwa Kiswahili, sentensi moja kwa moja kwa Kifaransa.

Kikwazo kikubwa cha kambi ya insha ni wingi wa karatasi, na hapo mara nyingi inanyamaza. Tuseme darasa lina watu 300. Insha moja ikisomwa kwa dakika 10 ni dakika 3,000, saa 50, zaidi ya kozi yenyewe. Asistenti mmoja akipewa mzigo huo ataweka alama bila kusoma, na wanafunzi watajua. Aya moja kwa dakika 3 ni saa 15. Ikipitiwa kwanza na jirani wa benchi, anayetafuta vitu viwili tu, dai liko wapi na nukta ziko wapi, mwalimu akasoma theluthi moja kila wiki kwa zamu, ni saa 5. Pembeni mwalimu asiandike jibu. Aandike herufi: P kwa nukta na mikato, A kwa upatanisho, R kwa kirejeshi, H kwa maneno yanayosikika sawa. Mwanafunzi arekebishe mwenyewe na kulinakili kosa lake katika daftari la makosa. Alama itolewe kwa aya iliyorekebishwa, la sivyo karatasi inakunjwa mfukoni na kosa linarudi wiki ijayo.

Hata hivyo kambi ya sarufi ina hoja moja ambayo haijajibiwa vizuri: kozi hii ikiisha, wanafunzi wengi hawaandiki tena aya mpaka TFC (travail de fin de cycle), kazi ya utafiti ya kumalizia masomo. Wanasoma silabusi, yaani maandishi ya kozi ya mwalimu, wanajibu mtihani kama silabusi ilivyosema, na mwishoni wanajaza fremu ileile, problématique, hypothèses, choix et intérêt du sujet, délimitation, kwa vipande vya TFC za waliotangulia. Ujuzi wa kujenga hoja usiotumiwa miaka miwili haupo tena, ilhali kanuni ya dont iliyoshikwa vizuri huenda ikabaki. Njia ya kuijibu ni kuyahusisha masomo mengine: profesa wa uchumi au wa sheria aombe aya moja kwa muhula, maneno 120, aihesabie alama 2 kati ya 20, na aisome kwa ajili ya dai na mfano peke yake. Nukta na vitenzi viachwe kwa jirani wa benchi na lile daftari.