Farasi wa Kentucky na mtamba wa Misungwi

Farasi wanaokimbia Mwanza hukimbia ndani ya televisheni. Pita jioni kwenye duka la kubeti pale Buzuruga utawaona: farasi wa kompyuta, hawali, hawaumwi, wanatoka mbio kila baada ya dakika chache, na vijana wamekaza macho huku mikeka imeshikwa mkononi. Wa kweli huku kwetu ni nadra. Mbung'o hawampendi mfugaji wa farasi, na upo ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi, ambao humaliza wengi wa wanaoupata. Wakenya wana uwanja wao wa Ngong na mashamba ya uzalishaji kwenye nyanda za juu zenye baridi. Sisi tuna ng'ombe.

Hata hivyo kuna jambo katika biashara ya farasi wa Marekani ambalo nimekuwa nikilifuatilia, na kila nikilisoma namuona mjomba wangu wa Misungwi na zizi lake.

Huko kila jimbo lenye viwanja vya mbio linataka farasi wazaliwe kwake. Shamba la farasi huajiri watu, hununua nyasi kavu, humlipa daktari wa mifugo na fundi wa kwato. Kwa hiyo jimbo huanzisha mfuko. Farasi akizaliwa ndani ya mipaka yake, halafu siku moja akashinda au akashika nafasi ya juu, aliyemzalisha anapata hundi, hata kama alishamuuza miaka miwili iliyopita. Kuna pia mbio za wazaliwa wa jimbo tu, mgeni haingii. New York walianzisha mfuko wao mwaka 1973. Kentucky kodi ya asilimia 6 inayotozwa kwenye ada ya kupandisha inawarudia wazalishaji. Pennsylvania walipitisha sheria mwaka 2004 kuruhusu mashine za kamari, na sehemu ya mapato ya mashine hizo ikapelekwa kwa farasi.

Wanaoutetea mpango huu wana mifano mizuri. Mwaka 2003 Funny Cide, aliyezaliwa New York, alishinda Kentucky Derby, mbio mashuhuri kuliko zote Marekani, na hakuna mzaliwa wa jimbo hilo aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Mwaka 2014 ikaja zamu ya California Chrome. Mama yake alinunuliwa kwa dola 8,000, ambazo kwenye biashara ile ni kama hela ya chai. Hoja yao ni kwamba bila mfuko, mtu mdogo wa New York au California asingepata sababu ya kumtunza jike mjamzito miezi kumi na moja, halafu asubiri miaka mingine miwili au zaidi ndipo ajue kama alizalisha kitu. Anayesubiri muda wote huo anahitaji kitu cha kumtia moyo.

Upande wa pili nao si wa kupuuzwa. Mwaka 1986 Amerika Kaskazini ilisajili watoto wa farasi wa mbio zaidi ya 51,000. Leo hawafiki 20,000, na kushuka huko kumetokea mifuko ikiwepo na mashine za kamari zikiongezeka. Unaweza kusema bila mifuko hali ingekuwa mbaya zaidi, na pengine ni kweli, ila hiyo ni hoja isiyoweza kupimwa na ndiyo maana kila mwenye ruzuku duniani huipenda. Halafu kuna chanzo cha hela. Mwaka 2020 gavana wa Pennsylvania, Tom Wolf, alitaka kuchota dola zipatazo milioni 200 kutoka mfuko wa farasi azipeleke kwenye ufadhili wa wanafunzi wa vyuo. Wazalishaji wakapiga kelele na pendekezo halikupita, lakini swali alishaliuliza, na mwanasiasa mwingine atakuja kuliuliza tena. Illinois mambo yalikwenda vibaya zaidi. Mwaka 2019 sheria iliruhusu mashine za kamari kwenye viwanja vya mbio ili kuviokoa. Wenye uwanja wa Arlington, karibu na Chicago, hawakuziweka. Septemba 2021 wakaendesha mbio za mwisho na ardhi ikauzwa. Mzalishaji aliyekuwa na jike mwenye mimba shambani alibaki anaangalia tumbo.

Sasa tuje kwetu. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, wengi wao wa kienyeji, na Kanda ya Ziwa ina sehemu kubwa. Serikali haijakaa bure. Kuna Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji (kumpandikizia jike mbegu kwa mrija, bila dume) kule Usa River, Arusha, kinachotoa mbegu za madume bora. Kuna Mabuki, hapo hapo Misungwi, shamba la serikali la kuzalisha mitamba, yaani majike wachanga ambao hawajazaa, ambako pia vijana wa BBT, mradi wa serikali wa kuwaingiza vijana kwenye kilimo na ufugaji, walipelekwa kujifunza kunenepesha ng'ombe. Mwaka 2025 ilizinduliwa Bariadi kampeni ya chanjo ambapo serikali inachangia nusu ya bei kwa ng'ombe, pamoja na hereni za utambuzi.

Ukitazama kwa makini, msaada wote huo unatolewa mwanzoni: mbegu, chanjo, mtamba. Mmarekani analipa mwishoni, farasi akishavuka mstari. Kwangu mimi tofauti kubwa iko hapo, hata kuliko kiasi cha fedha.

Nieleze kwa kilichotokea zizini kwa mjomba. Alikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu aliyeonekana na joto alfajiri: anapanda wenzake, analialia, hali. Kanuni ni kwamba aliyeonekana asubuhi anahimilishwa jioni, ukichelewa unasubiri siku 21 nyingine. Mjomba akapiga simu. Mtaalamu alifika saa kumi na mbili jioni kwa bodaboda, mtungi wa naitrojeni ya kugandishia mbegu kaufunga nyuma kwa mpira wa baiskeli. Akafungua kifuniko. Kwa kawaida ule ubaridi wa nyuzi 196 chini ya sifuri unatoa moshi mweupe unaoteremka kama wa uganga. Jioni ile haukutoka moshi wowote. Akachungulia kwa tochi ya simu, akautikisa mtungi, kimya. Naitrojeni ilikuwa imeisha, siku gani haijulikani, na mirija yote ya mbegu iliyokuwemo ilikuwa maiti. Cha ajabu hakufunga mtungi akaondoka. Alitoa mrija, akauweka kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, akavaa glavu ndefu, akamaliza kazi, akaandika kwenye daftari lake kwamba ng'ombe mmoja kahimilishwa.

Ng'ombe hakushika mimba. Daftari halikubadilika. Kwenye ripoti ya mwaka ule ng'ombe yule ni sehemu ya mafanikio.

Simlaumu sana yule kijana, maana alikuwa anapimwa kwa idadi ya mirija na siyo ya ndama. Laiti posho yake ingetegemea ndama aliyesimama kwa miguu minne na hereni sikioni, angeukagua mtungi kabla ya kuwasha pikipiki. Hapo ndipo mfuko wa mtindo wa Kentucky unaponivutia: mlipe mfugaji, na mlipe mtaalamu, mtamba aliyezaliwa Mwanza anapozaa na kuanza kukamuliwa. Ng'ombe wa kienyeji anatoa lita moja au mbili. Chotara akitunzwa anafika nane na zaidi. Tofauti hiyo inaonekana kwa macho, haihitaji profesa.

Kwenye hili tumewazidi Wamarekani jambo moja. Farasi wa mbio aina ya Thoroughbred haruhusiwi kusajiliwa kama alipatikana kwa uhimilishaji. Lazima dume na jike wakutane ana kwa ana. Ndiyo maana ada za madume mashuhuri ziko juu na faida inarudi kwa wenye mashamba makubwa. Mrija wa Usa River hauulizi zizi ni la nani.

Nilimweleza mjomba wazo hili kwa furaha, akanisikiliza mpaka mwisho akiwa anachonga mpini.

"Mjomba," akaniambia, "huyo farasi kazi yake ni moja, kukimbia. Ng'ombe asiyejua kuvuta plau mimi ananisaidia nini? Na mwanao akioa, watakuja kupima maziwa?"

Amenishinda kwa kiasi, nakiri. Mstari wa mwisho wa mbio ni mmoja na kamera inapiga picha. Ng'ombe wa Usukuma ana mistari mingi: maziwa, jembe, mahari, akiba ya siku mbaya, samadi ya shamba la pamba. Ukilipia maziwa peke yake unamsukuma mfugaji kwenye mnyama anayetaka majani ya kukatwa, dawa ya kupe kila wiki na maji karibu, na kiangazi cha Kwimba au Magu hakina hayo. Waliotengeneza ng'ombe wa Mpwapwa, kwa kuchanganya damu ya zebu wetu na ya Sahiwal, ng'ombe wa maziwa wa Bara Hindi, na wengineo, walilijua hilo miongo mingi iliyopita: walitafuta mnyama wa maziwa na nyama anayevumilia ukame. Kama kuna bonasi, iwe kwa ndama wa aina hiyo kwanza.

Na atalipwa nani? Kule karatasi za farasi ni kama hati ya nyumba, zinamfuata toka anazaliwa. Hapa mtamba anabadilishwa kwa gunia na baiskeli mnadani, na hereni inakatika kwenye miiba. Bila kumbukumbu, hundi itakwenda kwa mwenye kujua ofisi.

Fedha zenyewe watu watasema zitoke kwenye kubeti, maana mwaka 2021 tayari asilimia 5 ya kodi yake ilielekezwa Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Mimi nasema hapana. Yaliyotokea Illinois yananitosha, na sitaki ndama wa Misungwi amtegemee kijana wa Buzuruga kuchaniwa mkeka. Ningeanza kidogo, kwa ushuru ule ule ambao halmashauri inakusanya mnadani kwa kila kichwa, wilaya moja, miaka mitano, na mtaalamu alipwe kwa ndama.

Ng'ombe mwekundu alipandishwa na dume wa jirani mwezi uliofuata. Ndama wake sasa anavuta plau, na mjomba anasema ndiye bora zizini.