Ule si ubahili, ni ujuzi wa kununua chakula

Hapa Brooklyn nimesikia sana, tena mara nyingi kwa Waafrika Mashariki wenzangu, kwamba Wachina wa Sunset Park ni wabahili: mtu anachambua mboga za dola mbili kama anayenunua dhahabu, na maduka yao yananuka samaki. Maneno hayo yananiudhi. Nimepanga nyumba moja na familia kutoka Fuzhou, jimbo la Fujian, wao chini mimi juu, na naona wazi kwamba wanajua kula na wanajua kununua kutuzidi wengi wetu.

Anayenunua ni bibi. Familia nyingi za Fujian zilizokuja New York tangu miaka ya 1980 zinaishi kwa kazi ya mikahawa, na mikahawa yenyewe mara nyingi iko majimbo mengine kabisa. Mtu anapanda basi East Broadway kule Manhattan, anakwenda kupika mbali, analala hukohuko, anarudi siku yake ya mapumziko. Ndivyo anavyoishi baba wa nyumba hii. Wapo waliolazimika kupeleka watoto wachanga China wakalelewe na babu na bibi zao kwa kukosa wa kukaa nao. Hawa wa chini walifanya kinyume, wakamleta bibi. Kwa hiyo yule mzee anayekokota kigari chake Eighth Avenue asubuhi na mapema msimwone mtu wa kupoteza muda. Nyumba nzima inamtegemea yeye.

Mchele unaingia kwa gunia la ratili 50. Mafuta na sosi ya soya hununuliwa kwa chupa kubwa. Vilivyobaki ni vya leo kwa leo. Nimefuatana naye mara kadhaa nikamtazama anavyofanya. Fungu la mboga analigeuza kwanza aone lilipokatwa: pakiwa peupe na pana majimaji, anatia kwenye mfuko, pakiwa pamekauka na kuwa kahawia, anarudisha. Kwa samaki ndiyo mgumu zaidi. Kama yupo aliye hai, huyo wa kwenye barafu hamtazami. Anasimama mbele ya tangi, anamnyooshea kidole anayeogelea kwa nguvu, muuzaji anamvua kwa wavu, anampima, anampara magamba na kumtoa matumbo. Kichwa hakiondolewi. Jioni anampika kwa mvuke, dakika chache tu, na vipande vya tangawizi. Akishaiva anatandaziwa majani ya vitunguu, anamiminiwa mafuta yaliyochemka na sosi ya soya kidogo. Basi. Samaki aliyeanza kuchina ukimpika hivi atakuumbua mezani, maana hakuna pilipili wala nazi ya kumfichia. Upishi wao unaanzia dukani, na atakayeita ule uchambuzi ubahili hajaelewa kinachopikwa.

Bei nafuu nazo zina sababu. Wafanyabiashara wa Kichina wa jiji hili wana njia yao ya kuleta mboga: wana wauzaji wao wa jumla, na wakulima wadogo huko Florida na hata Honduras wanaowalimia mboga za Kiasia. Hazipiti mlango mmoja na za maduka makubwa. Kibanda kinalipa kodi ndogo ya pango, faida kwa fungu ni ndogo, na mzigo unaisha siku hiyohiyo. Wanunuzi wagumu kama bibi ndio wanaowalazimisha wauzaji kuleta kilicho kibichi. Akina mama wale wakiacha kuchambua leo, wiki ijayo sote tutauziwa majani yaliyonyauka.

Na sisi tunakwenda wapi kutafuta mboga za kwetu? Matembele yapo palepale. Mchicha upo, pamoja na ule wenye majani mekundu katikati. Magimbi yapo, karela ipo, uduvi uko kwenye mapipa. Kwenye tangi perege wanazungukana, samaki wa Afrika kwa asili. Hata yale maharage membamba yenye urefu wa mkono, anayokaanga bibi kwenye karai na nyama ya kusaga, ni kunde, na kunde zilianza kulimwa Afrika ndipo zikasafiri hadi Asia. Mswahili anayekunja pua mlangoni mwa duka lile anaikunjia mboga ya bibi yake mwenyewe.

Nyama ipo, lakini haitawali. Ratili moja ya nguruwe inakatwakatwa ikaenea mboga za siku mbili. Mifupa inachemshwa supu. Siku baba anaporudi, bibi hutengeneza vile vitonge vya Fuzhou, nje samaki aliyepondwa, ndani nyama ya nguruwe, vinaelea kwenye supu nyeupe. Wiki nzima mtu yule amekaanga kuku wa sosi tamu kwa ajili ya Wamarekani. Nyumbani hamli.

Lile la shuleni linaniuma. Mtoto wao alirudi na chakula chake bila kukigusa kwa sababu wenzake walisema kinanuka. Dharau hii ina historia ndefu. Mwaka 1968 jarida la kitabibu la New England lilichapisha barua ya daktari mmoja aliyejisikia vibaya baada ya kula mikahawa ya Kichina, na kutoka hapo chumvi ya ajinomoto, ile inayotiwa chakulani kukoleza ladha, ikatiwa doa kwa miongo, ingawa majaribio ya baadaye hayakuthibitisha hofu ile. Mtoto abebe samaki wake. Wanaopaswa kufundishwa ni wale wengine.

Sasa mama wa nyumba anataka bibi aache kutembea, kila kitu kiagizwe kwa simu, kwani theluji ikianguka njia inateleza na magoti yake hayana nguvu. Ana haki ya kuogopa. Mimi naona mchele, mafuta na chupa nzito viletwe na gari, na bibi asindikizwe siku za theluji, hata na mimi. Lakini samaki na mboga aachiwe achague mwenyewe.