Kubadilishwa jina hakujaubadilisha mathenge
Mwandishi wa makala kuhusu mathenge, mti wa kigeni ulioenea maeneo makavu ya Kenya, anasema umetolewa kwenye jenasi (kundi la mimea yenye ukoo wa karibu) ya Prosopis na sasa jina lake la kisayansi ni Neltuma juliflora, tena kwa kuwa hauko hatarini kutoweka duniani, hakuna la kutuhangaisha. La jina ni kweli: mwaka 2022 wataalamu wa mimea waliigawa jenasi hiyo, miti mingi yenye asili ya Amerika ikaingia Neltuma, na ule wa Uarabuni na India, Prosopis cineraria, ukabaki na jina lake. Hilo la pili ndilo linaloniuma. Kutokuwa hatarini ni hesabu ya uhai wa mti wenyewe, haisemi lolote kuhusu unachowafanyia watu unakohamia. Nimechunga mbuzi Marigat, Baringo, ulikoletwa miaka ya 1980 kuzuia jangwa. Maganda yake ni matamu na mbuzi huyafuata kweli. Sukari inaganda kwenye fizi, meno yanaoza na kulegea, mwishowe mnyama anatafunia upande mmoja huku majani yakimdondoka mdomoni. Mbegu nyingi hazisagiki, zinatoka na kinyesi zikiwa tayari kuota. Ukikata shina juu ya ardhi linachipua upya, matawi mengi kuliko mwanzo. Lazima uchimbe ukate mzizi chini ya udongo. Mwaka 2006 wenyeji walikwenda mahakamani na mbuzi asiye na meno, na 2008 serikali ya Kenya ikautangaza kuwa gugu hatari. Mbona makala haikuligusa hilo? Na nyinyi wa Turkana, Garissa na Tana River mnaoukata kwa makaa, kwenu unarudi baada ya muda gani?