Konsoli na PC: nani anauza gemu zaidi? Inategemea umeangalia lini

Kuna ubishi mmoja hauishagi, ule wa nani anauza gemu nyingi kati ya konsoli, zile mashine za gemu tu, na PC, yaani kompyuta. Mtu wa konsoli anakuja na namba zake safi kabisa, PlayStation 2 zaidi ya milioni 155, Switch ya Nintendo imepita milioni 150, PS5 nayo ishavuka milioni 80 tangu itoke Novemba 2020. Mtu wa PC anamjibu kwamba Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za PC, peke yake, Machi 2025, ilifikisha watu zaidi ya milioni 40 kwa wakati mmoja. Kila mtu anaondoka kifua mbele. Sasa ukisikiliza vizuri hapo hamna hata mmoja aliyetaja mauzo ya gemu, mmoja kahesabu mashine na mwenzake kahesabu watu ambao programu iko wazi tu. Mi mwenyewe Steam inajifungua nikiwasha kompyuta, kwa hiyo siku nzima nikiwa nahangaika na barua pepe na mimi ni mmoja wa wale milioni 40, eti gema.

Mi naona hivi: konsoli bado inakamata hela ya wiki za mwanzo, PC inakamata hela ya miaka inayofuata, na mtu akikuletea chati bila kusema imepima nini na imepimwa lini hajakwambia kitu.

Tuanze na hili la namba maana ndo linachanganya watu. Kwa miaka mingi ripoti iliyokuwa inanukuliwa kila sehemu ni ya Marekani, ya kampuni ya utafiti wa soko ya NPD, siku hizi wanaitwa Circana, na kwa muda mrefu kazi yao kubwa ilikuwa kuhesabu maboksi yanayouzwa madukani. Wakati huohuo watu wa PC walikuwa wanahama madukani taratibu. Steam ilianza 2003, halafu Novemba 2004 ikatoka Half-Life 2 ambayo hata ukinunua diski yake lazima uisajili Steam kwanza ndo icheze, watu walikasirika kweli kipindi kile, ila baada ya miaka michache nani tena alikuwa anataka diski. Kwa hiyo kwenye ripoti PC ikawa inaonekana inakufa, kila mwaka kuna makala ya "PC inakufa", kumbe mgonjwa kahama wodi tu.

Na bado hadi leo hatuoni vizuri. Valve wenye Steam hawako soko la hisa, hakuna anayewalazimisha kutoa mauzo ya kila gemu, na hawatoi. Kulikuwa na Steam Spy kuanzia 2015, ilikuwa inakadiria wamiliki wa gemu kwa kusoma akaunti za watu zilizo wazi, mpaka Aprili 2018 Valve wakabadilisha mipangilio orodha ya gemu zako ikawa inafichwa yenyewe, ikabidi mahesabu yaanze upya. Siku hizi watu wanachukua idadi ya maoni yaliyoandikwa chini ya gemu wanazidisha na namba fulani wanapata makadirio, ni kama kuhesabu waliohudhuria harusi kwa kuhesabu viatu mlangoni, unapata picha lakini usiape. Konsoli nako sio kweupe kama wanavyojidai. Microsoft waliacha kutangaza idadi ya Xbox zilizouzwa tangu 2015. Nintendo ndo angalau, kila robo mwaka wanaweka gemu zao kubwa na namba pembeni.

Mfano ninaoupenda ni The Witcher 3, kwa sababu CD Projekt walioitengeneza wako soko la hisa Warsaw na huwa wanatoa mgawanyo wa mauzo kwa mashine. Gemu ilitoka Mei 2015, na mwaka ule PS4 peke yake ilichukua karibu nusu ya kopi, PC kama theluthi hivi, Xbox One iliyobaki. Ungesimama hapo ungesema konsoli imeshinda mchana kweupe. Ila ukisogea miaka mitatu mbele hali imegeuka, PC inauza zaidi ya nusu ya kopi za mwaka. Gemu ileile.

Kilichotokea hapo katikati nakijua vizuri maana nilishiriki. Nilinunua ya konsoli kwa bei kamili, nikacheza, nikaishia njiani. Miaka ikapita, nikapata kompyuta yenye kadi ya grafiki ya maana, ikaja ofa Steam, gemu na nyongeza zake zote kwa bei ya kuchekesha, nikabonyeza kununua kabla hata sijafikiria. Kwenye vitabu vyao mi ni kopi mbili. Konsoli moja, PC moja, sare. Ila kwa hela sio sare hata kidogo, ile ya kwanza inaweza kununua ile ya pili mara nne na chenji ikabaki. Hapo ndo mtu wa konsoli ana hoja nzito kuliko anavyojua mwenyewe: kopi za PC nyingi ni kopi za punguzo, ukilinganisha idadi bila kulinganisha bei unaipendelea PC.

Mtu wa PC naye atakwambia subiri, Cyberpunk 2077, ya CD Projekt haohao, je? Kweli, pale hadithi ilibadilika. Ilitoka tarehe 10 Desemba 2020 na hadi mwaka unaisha zilishauzwa kopi zaidi ya milioni 13, PC ikiwa zaidi ya nusu, siku za mwanzo kabisa, bei kamili. Jibu rahisi la upande wa pili ni kwamba toleo la PS4 na Xbox One lilikuwa limeoza, Sony wenye PlayStation wakaitoa gemu dukani kwao wiki moja tu baadaye na haikurudi mpaka Juni 2021. Ni kweli. Ila hata kwenye zile oda za kabla ya kutoka, milioni 8, kabla mtu yeyote hajaona gari likipita ndani ya ukuta, PC ilikuwa tayari zaidi ya nusu. Hiyo mi huwa inanisumbua kila nikitaka kusema konsoli ndo mfalme wa siku ya kwanza.

Sasa kwa nini konsoli bado ina nguvu hivyo? Gemu za mpira za kila mwaka, NBA 2K, Call of Duty, hizi wateja wake wengi ni mtu wa kochi na pedi, hataki kusikia habari za draiva, ananunua mpya kila mwaka kama kalenda, bei kamili, halafu anaongeza hela ya pakiti za wachezaji humohumo ndani. Nintendo ndo usiseme, Mario Kart 8 Deluxe imeuza zaidi ya milioni 60 kwenye Switch na miaka yote bei haishuki ya kueleweka, unaisubiri ofa mpaka unachoka unanunua tu. Huwezi kuipata PC kihalali, hakuna mlango wa nyuma.

Halafu kuna Rockstar, watengenezaji wa GTA. GTA V ilitoka Septemba 2013 kwenye PS3 na Xbox 360, dola bilioni 1 ndani ya siku tatu, na PC haikuwepo kabisa, iliifuata Aprili 2015. Red Dead Redemption 2 hivyohivyo, konsoli Oktoba 2018, PC mwaka mmoja baadaye. GTA VI nayo imepangwa Novemba 2026 kwa PS5 na Xbox Series, PC haijatajwa. Anayesema PC ndo soko kubwa inabidi aeleze kwa nini kampuni yenye gemu inayosubiriwa kuliko zote inaiacha nje. Jibu langu: kwa sababu wanaweza. Wanajua watu watanunua sasa kwenye konsoli na watanunua tena baadaye kwenye PC, na ni wachache sana duniani wenye jeuri ya hivyo. Wengine wakijaribu kuchelewesha wanasahauliwa tu.

Capcom, kampuni ya gemu ya Japani, walikuwa na utaratibu huohuo, Monster Hunter: World ilitoka konsoli Januari 2018 na PC Agosti. Mwaka 2021 bosi wao Haruhiro Tsujimoto akasema PC ndo itakuwa jukwaa lao kuu. Monster Hunter Wilds ya Februari 2025 ikatoka kote siku moja, milioni 8 kwa siku tatu, na Steam peke yake watu zaidi ya milioni 1.3 kwa mpigo. Ila hapohapo ndo unaona maumivu ya kuuza PC. Unafungua gemu uliyolipia bei kamili inakwambia subiri inaandaa sheda, vile vijiprogramu vya kuchora picha ya gemu, mstari unasogea kama konokono, unaenda kuoga unarudi bado, ukiingia inakwamakwama kwenye mashine ambayo juzi ilikuwa inakimbiza kila kitu. Maoni ya Steam yakawa mekundu na mauzo yakapoa haraka baada ya wiki za kwanza. Konsoli moja inafanana na nyingine, kompyuta kila moja ina ugonjwa wake. Na Steam ukiwa umecheza chini ya masaa mawili ndani ya siku 14 unarudishiwa hela yako bila maswali mengi, yaani kopi iliyouzwa asubuhi inaweza kuwa haijauzwa jioni.

Upande wa makato nako kuna jambo. Mashine za konsoli mara nyingi zinauzwa kwa hasara au bila faida, Mei 2021 ofisa wa Microsoft alisema mahakamani, kwenye ile kesi ya Epic na Apple, kwamba hawajawahi kupata faida kwenye kuuza Xbox yenyewe. Hela inarudi kwenye gemu, ule mgao wa asilimia 30 hivi wanaokata kwenye kila gemu inayouzwa. Steam nao wanakata 30, ila ukishaingiza dola milioni 10 inashuka 25, ukipita milioni 50 inakuwa 20, na Epic walikuja na duka lao Desemba 2018 wakikata 12. Kwa hiyo gemu kubwa ikiuzwa bei sawa pande zote mbili, mtengenezaji anaweza kubaki na zaidi upande wa PC. Ikiuzwa bei sawa lakini, na hilo halidumu.

Kwa watengenezaji wadogo sina ubishi hata kidogo, PC. Stardew Valley, kazi iliyoanza na mtu mmoja, ilifikisha kopi milioni 41 mwishoni mwa 2024, milioni 26 zikiwa PC na Switch karibu milioni 8. Ila usilewe na huo mfano, mwaka huohuo Steam ziliingia gemu zaidi ya 18,000 na nyingi hata ndugu wa mtengenezaji hawakununua.

Kitu kingine kinachoharibu mlinganisho ni sabskripsheni. Palworld ilitoka Januari 2024 na baada ya mwezi hivi tukaambiwa kopi milioni 15 Steam na wachezaji milioni 10 Xbox. Soma tena hayo maneno, kopi upande mmoja, wachezaji upande mwingine, kwa sababu Xbox ilikuwa ndani ya Game Pass, ile huduma ya Microsoft unayolipia kwa mwezi unacheza gemu bila kuzinunua. Watu walizijumlisha wakasema imeuza milioni 25. Haikuuza milioni 25.

Na China imebadilisha kila kitu. Konsoli zilipigwa marufuku kule kuanzia 2000 mpaka 2014 hivi, kizazi kizima kikakulia kwenye kompyuta, ndo maana Black Myth: Wukong ilipotoka Agosti 2024 ikauza milioni 10 kwa siku tatu na Steam ikaonyesha watu milioni 2.4 kwa wakati mmoja. PS5 ilikuwepo siku ileile lakini kelele zote zilikuwa PC. Hata Sony wenyewe wameshaona, Helldivers 2 walipoitoa PS5 na PC siku moja, Februari 2024, ikauza milioni 12 kwa wiki 12 na hakuna gemu yao nyingine iliyowahi kwenda kasi hiyo.

Simu sijaigusa, najua inachukua karibu nusu ya hela yote ya gemu duniani na konsoli na PC wanagombania iliyobaki, konsoli ikiwa mbele kidogo kwa hela. Kidogo tu, na hela nyingi za PC ni za gemu za bure kama League of Legends na Counter-Strike 2 ambazo hazina hata "kopi" ya kuhesabu.

Mi GTA VI ntainunua konsoli siku ya kwanza, sijidanganyi, halafu siku ikija PC ntajiambia naangalia grafiki tu. Kopi mbili tena, na kila upande utanihesabu wa kwake.